Dakar Iko Karibu Kuliko London

Chukua tufe la shuleni, lile la plastiki linalozunguka kwenye kigingi chake, kisha tandaza uzi kutoka Dar es Salaam hadi Dakar. Uzi ukikazwa vizuri utakuonyesha njia fupi kuliko zote: utavuka Tanzania kwa upana wake, utapita kaskazini kidogo ya Bujumbura, utaingia misitu ya Kongo, utakata Ikweta, utapita Kamerun na Nigeria, utagusa Benin na kaskazini ya Ghana, utaambaa Mali, na mwisho utafika Senegali. Mwanzo hadi mwisho uko juu ya ardhi ya Afrika. Urefu wake ni kilomita zipatazo 6,700.

Sasa rudisha uzi Dar es Salaam, uelekeze London. Utahitaji kilomita kama 7,500. Dakar, ambayo wengi wetu tunaizungumzia kana kwamba iko ukingoni mwa dunia, iko karibu nasi kuliko London kwa kilomita 800 hivi. Nimewahi kuuliza darasani ni mji upi ulio karibu zaidi kati ya hiyo miwili, na wengi hunyoosha mkono kwa London. Siwalaumu. Wanajibu kwa kipimo wanachokijua, nacho ni urahisi wa kufika. Kwa kipimo hicho wako sahihi.

Ndege ya masafa marefu husafiri angani kwa mwendo wa kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ukijumlisha kupaa, kutua na upepo wa mbele, safari ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Dakar ingechukua saa nane na nusu hivi. Dakar iko nyuma yetu kwa saa tatu: kwao ikiwa saa sita mchana, kwetu ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo abiria angeondoka hapa saa mbili asubuhi na kufika huko saa saba na nusu mchana kwa saa za huko. Jua lingekuwa bado liko juu. Angepata muda wa kutoka uwanja wa Blaise Diagne, ambao uko mbali na mji, akaingia Dakar kabla ya jioni, akala chakula cha usiku na wenyeji wake.

Safari hiyo haipo. Anayekwenda Dakar hupanga namna ya kuzunguka. Akipitia Istanbul, atasafiri kilomita 5,400 kuelekea kaskazini, asubiri, kisha asafiri nyingine 5,300 kurudi kusini magharibi: jumla 10,700, yaani 4,000 zaidi ya njia ya uzi. Akipitia Dubai ni kichekesho zaidi, maana anaanza kwa kwenda mashariki. Atakwenda karibu kilomita 4,000 akikipa Dakar kisogo, halafu ageuke na kulipitia bara zima kwa kilomita 7,600. Saa za angani peke yake zinakaribia kumi na tano, na kusubiri katikati kunaweza kuwa saa tatu au saa kumi na mbili, kutegemea bahati na uwezo wa mfuko. Siku nzima inakwisha, na mara nyingine siku na nusu.

Ipo njia ya tatu, ya kupitia Addis Ababa. Hapo jumla ni kilomita 7,900 tu, ziada ya 1,200. Haki itendeke kwa Waethiopia: shirika lao, lililoanzishwa 1945, lilianza kuunganisha mashariki na magharibi ya bara hili mwaka 1960, wakati nchi nyingi za Afrika ndiyo kwanza zilikuwa zinapandisha bendera. Lakini bara lenye nchi 54 haliwezi kutegemea mlango mmoja. Mlango huo ukijaa, au bei yake ikipanda, msafiri wetu hurudi kwenye ramani ya Istanbul na Dubai.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba umbali kati ya miji hiyo miwili uliwekwa na maumbile, lakini muda wa kuusafiri umewekwa na serikali, ikiwemo yetu, kwa mikataba iliyosainiwa na kwa mingine iliyosainiwa ikaachwa kwenye kabati. Kwa kuwa muda huo ni uamuzi wa kiserikali, wananchi wana haki ya kuuhoji kama wanavyohoji bei ya mafuta au ada ya chuo.

Nani ana haja na Dakar? Swali hili huulizwa kwa kejeli, nami nalijibu bila kejeli. Watumishi wa umma wa idara za mipango wanajua kwamba taasisi ya Umoja wa Mataifa ya kuwafunza wapangaji wa maendeleo wa Afrika, IDEP, iko Dakar. Ndiyo iliyoongozwa na Samir Amin katika miaka ya 1970. Wanataaluma wanajua kwamba CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, limekuwa Dakar tangu 1973, na kwamba mjadala wa Mlimani wa miaka ile na mjadala wa Dakar ulikuwa mjadala mmoja wenye vyumba viwili. Wafanyabiashara nao wanaambiwa kila mara kwamba Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika limefunguliwa tangu Januari 2021. Limefunguliwa kwa nani, ikiwa mwenye sampuli za bidhaa zake kwenye begi lazima azionyeshe kwanza kwa maofisa wa Istanbul?

Wapo ambao adhabu ni kubwa kuliko uchovu. Fikiria mtafiti wa Bukavu au Lubumbashi, Mkongomani anayezungumza Kiswahili kama mimi na wewe, aliyealikwa kutoa mada Dakar. Tiketi rahisi aliyoipata inapitia Ulaya. Sheria za pamoja za nchi za Schengen zinaitaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika orodha fupi ya nchi ambazo raia wake, kwa kanuni ya jumla, wanahitaji viza hata kwa kukaa tu katika ukumbi wa kusubiri ndege nyingine, bila kutia mguu nje ya uwanja. Katika orodha hiyo wamo pia raia wa Ghana, Nigeria, Ethiopia, Eritrea na Somalia. Kwa hiyo Mwafrika anayetoka Afrika kwenda Afrika anaomba ruhusa ya Ulaya, analipa ada, anapeleka taarifa za benki, na anaweza kukataliwa. Kongo na Somalia ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sijawahi kusikia jambo hili likiwa ajenda katika vikao vya Arusha, ingawa nimesikia hotuba nyingi kuhusu udugu.

Ramani hii ya ajabu ina historia, na haikuanza na ndege za sasa. Wafaransa walifikisha njia yao ya barua za anga kutoka Toulouse kupitia Casablanca hadi Dakar mwaka 1925. Waingereza nao, kuanzia 1937, waliendesha ndege zao za kutua majini kutoka Southampton hadi Durban, na katika vituo vyao vya pwani yetu zilikuwamo Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi. Katika miaka hiyo mtu mwenye fedha aliweza kupanda ndege bandarini Lindi na kushukia Uingereza, wakati leo wapo wakazi wa Lindi ambao safari ya ndege huianzia kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Njia zote mbili, ya Wafaransa na ya Waingereza, zilikwenda kaskazini na kusini. Hazikukusudiwa kukutana, kwa sababu himaya mbili hazikuwa na biashara ya kuwakutanisha watawaliwa wao. (Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na Mali mwaka 1352, naye kati ya safari hizo mbili alirudi kwanza kwao Moroko akavuka jangwa kutokea kaskazini. Lakini yeye hakuwa na ndege, na hakuwa na wizara ya uchukuzi.)

Uhuru ulipokuja, pande zote mbili zilirithi kitu cha thamani: mashirika ya pamoja. Upande wetu kulikuwa na East African Airways, lililoundwa 1946, likawa mali ya Tanzania, Kenya na Uganda. Upande wa pili, nchi 11 zilizokuwa chini ya Ufaransa ziliunda Air Afrique mwaka 1961. Fikiria kama mashirika hayo mawili yangekubaliana kukutana katikati ya bara. East African Airways lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na kila nchi ikaondoka na vipande vyake. Air Afrique lilifilisika mwaka 2002. Sababu za vifo hivyo zinafanana: wenye hisa ambao ni serikali, madeni yasiyolipwa, viti vya bure kwa wakubwa, ugomvi wa nani anamlipia nani. Tuliporithi ndege tulizigawana kama familia inayogombea shamba hadi kila mtoto akabaki na mtaro.

Hapa inabidi nieleze sheria kidogo, kwa sababu bila hiyo mjadala huishia kwenye malalamiko ya bei. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, anga ya nchi ni mali ya nchi. Hakuna shirika linaloanzisha safari ya kimataifa kwa kuamua tu. Ni lazima nchi mbili zikubaliane, na makubaliano hayo huweza kutaja hadi idadi ya safari kwa wiki, ukubwa wa ndege na jina la shirika linaloruhusiwa. Haki zenyewe huhesabiwa kwa namba. Ya tatu ni kupeleka abiria kutoka nchini kwako kwenda nchi nyingine. Ya nne ni kuwarudisha. Ya tano ndiyo yenye utamu wote: ndege yako iliyoanzia kwako, ikitua katika nchi ya pili, inaruhusiwa kupakia abiria wapya hapo na kuwapeleka nchi ya tatu.

Bila haki hiyo ya tano, safari ya Dar es Salaam hadi Dakar ni ndoto ya mlevi. Ndege ya Boeing 787-8 ya Air Tanzania ina viti 262, na hakuna anayedai kwamba Watanzania na Wasenegali 262 husafiri kati ya miji hii kila siku. Ukiwa nayo, hesabu inabadilika. Ndege inaondoka hapa ikiwa na watu wa Accra na wa Dakar. Inatua Accra, wanashuka wa Accra, wanapanda Waghana wanaokwenda Dakar, na viti havibaki vitupu. Daladala yoyote inajua kanuni hii. Gari linalotoka Mbagala kwenda Posta lingefilisika kwa wiki moja kama lingekatazwa kupakia watu njiani.

Viongozi wetu walilielewa hilo zamani. Novemba 1999 mawaziri wa usafiri wa anga wa Afrika walikutana Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, wakaamua kwamba mashirika ya Afrika yapewe haki ya tatu, ya nne na ya tano kati ya nchi za Afrika, bila vizuizi vya idadi ya safari wala vya nauli. Uamuzi huo, ulioidhinishwa na wakuu wa nchi mwaka uliofuata, ni wa kisheria. Hakuwa mtu anayetoa maoni tu. Wanafunzi walio mwaka wa kwanza sasa hawakuwa wamezaliwa. Ilipoonekana hautekelezwi, Umoja wa Afrika ulizindua Januari 28, 2018, huko Addis Ababa, Soko Moja la Usafiri wa Anga Afrika, lengo likiwa ni kutekeleza kile kilichokwisha kuamuliwa. Nchi 23 zilijiunga mwanzoni. Kenya na Rwanda zilikuwamo. Tanzania na Uganda hazikuwamo.

Tazama basi jinsi haki hii ya tano inavyotendewa hapa hapa nyumbani, kati ya miji miwili ambayo umbali wake ni kilomita 670 tu. Tarehe 15 Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba inafuta kibali cha Kenya Airways kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kenya ilikuwa imekataa ombi la Air Tanzania la kutumia ndege yake ya mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Yaani haki ya tano, tena ya mizigo, tena kati ya majirani wanaotumia lugha moja na soko la pamoja. Mawaziri wa mambo ya nje wa pande mbili wakazungumza, na katika muda wa siku chache jambo likatulizwa kabla ya zuio kuanza.

Wengi walishangilia pande zote mbili, kila mmoja kwa bendera yake. Mimi nilisoma taarifa ile nikaona kwamba Tanzania ilikuwa na hoja halali na ilichagua silaha mbaya. Hoja ilikuwa halali kwa sababu Kenya, mwanachama wa soko moja la anga tangu siku ya kwanza, ilikuwa inaminya haki ambayo soko hilo linaihubiri. Silaha ilikuwa mbaya kwa sababu waliotakiwa kulipa ni abiria: mgonjwa mwenye miadi ya hospitali, mfanyabiashara wa Kariakoo, mwanafunzi anayerudi chuoni. Na tukumbuke kwamba Agosti 2020, wakati wa mvutano wa masharti ya korona, tulikwisha kuizuia Kenya Airways kwa wiki kadhaa. Zuio limekuwa kama fimbo ya nyuma ya mlango, kila ugomvi inatolewa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ulinganisho. Tunapozuiana na Nairobi, ndege za Istanbul, Dubai na Doha zinaendelea kutua Dar es Salaam kama kawaida. Inakadiriwa kwamba takribani asilimia 80 ya abiria wanaosafiri kati ya Afrika na mabara mengine hubebwa na mashirika yasiyo ya Kiafrika. Sina ugomvi na mashirika hayo. Yanafanya kazi yao, na kwa ustadi. Ila siwezi kuuita ulinzi wa shirika la taifa ule ulinzi unaomfungia jirani mlango wa mbele huku wa nyuma ukiwa wazi kwa mwenye nguvu zaidi.

Watetezi wa hali iliyopo wana majibu, na mawili kati yake yanastahili kusikilizwa kwa makini.

La kwanza ni kwamba abiria hawapo. Afrika ina karibu moja ya tano ya watu wa dunia lakini usafiri wake wa anga hauzidi asilimia 3 ya ule wa dunia; hakuna shirika litakalofungua njia kwa hisani. Ni kweli, lakini ni kweli ya kuku na yai. Kenya na Afrika Kusini zilipolegeza makubaliano yao ya anga mwanzoni mwa miaka ya 2000, abiria kati yao waliongezeka kwa asilimia 69. Watu hao hawakuzaliwa ghafla. Walikuwapo, wakisubiri nauli na ratiba inayowezekana. Tena tusisahau kwamba Air Tanzania inakwenda Guangzhou moja kwa moja, umbali wa kilomita 8,700, ambao unaizidi Dakar kwa kilomita 2,000. Ilianzishwa kwa sababu wafanyabiashara wetu walikuwa wanakwenda China kwa wingi kwa kuzunguka, na dola ikaliona hilo. Uwezo wa kuvuka bara tunao kwenye maegesho ya Julius Nyerere. Kinachokosekana ni makubaliano ya kutua na kupakia njiani.

Jibu la pili ni zito zaidi: kwamba anga ikifunguliwa, mwenye nguvu atameza wote. Ethiopia tayari ni jitu. Ina ndege nyingi, ina Addis Ababa, na ni mshirika mkuu wa shirika la ASKY lenye kituo chake Lomé, lililoanza kuruka 2010. Air Tanzania, dhaifu kama ilivyo, itabaki na njia za Mwanza na Dodoma. Hofu hii siipuuzi, na mzalendo anayeitaja si adui wa Afrika. Lakini tuiangalie hali ya shirika chini ya ulinzi uliopo. Kwa mujibu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hasara ya Air Tanzania ilipanda kutoka Sh56.64 bilioni mwaka 2022/23 hadi Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Baadhi ya sababu ziko nje ya uwezo wake; injini za ndege zake za Airbus A220 zilikuwa na kasoro ya kiwandani iliyozilaza ndege chini katika nchi nyingi. Hata hivyo, kufunga mlango hakukuizuia hasara. Kuna jambo jingine ambalo halihusiani na mshindani yeyote: Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuingia katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukapanua zuio hilo kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti na Tanzania, ukitaja udhaifu wa usimamizi. Tulinunua ndege kwa sherehe, na viongozi walikwenda uwanjani kuzipokea kwa ngoma. Sikumbuki ngoma iliyopigwa kwa ajili ya kuajiri wakaguzi wa usalama wa anga, ingawa bila wao hata hilo soko moja la Afrika haliwezi kutuamini.

Katika hili la pili, msimamo wangu ni kwamba serikali itamke shirika hili ni la nini. Ikiwa ni alama ya heshima ya taifa, basi gharama yake iandikwe katika bajeti kama tunavyoandika gharama za gwaride, na wabunge waipigie kura wakijua. Ikiwa ni chombo cha kuwasafirisha watu na mizigo, basi liingie katika ubia na majirani, ligawane njia nao, na haki ya tano iombwe na kutolewa bila kununiana. East African Airways lilikuwa ni ubia wa namna hiyo. Tuliwahi kuwa nao tukauvunja, kwa hiyo hatuna sababu ya kusema hauwezekani kwa watu wa huku.

Bado kuna karatasi nyingine mfukoni mwa abiria. Siku moja baada ya soko la anga kuzinduliwa, yaani Januari 29, 2018, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kusafiri kwa uhuru ndani ya bara. Inahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili ianze kazi. Walioiridhia wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, Rwanda ikiwa miongoni mwao. Hati ya kusafiria ya Afrika iliyooneshwa kwa mbwembwe Kigali mwaka 2016, ikakabidhiwa kwa marais wawili, bado haijamfikia mwalimu wa sekondari wa Singida. Rwanda haikungoja, ilitangaza mwaka 2023 kwamba Mwafrika yeyote anaingia bila viza, na sijasikia kwamba imezama. Upande wa magharibi, wakuu wa ECOWAS waliamua Desemba 2024 kwamba kodi zinazobebeshwa tiketi za ndege ziondolewe, na ada za abiria na za usalama zipunguzwe kwa robo, kuanzia Januari 2026. Ni uamuzi wa kwenye karatasi kama mingine, na karatasi tunazijua. Lakini angalau wamelitaja jambo lenyewe kwa jina: kwamba tiketi ya Mwafrika imegeuzwa kuwa pipa la kukusanyia kodi. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ingeweza kuanza na hatua ya namna hiyo bila kungoja Addis Ababa.

Kwa wasomaji wangu walioko wizarani, ninalo ombi dogo kuliko haya yote. Chapisheni makubaliano ya anga kati ya Tanzania na nchi nyingine za Afrika, kila moja, mahali ambapo mwanafunzi wa sheria anaweza kuyasoma bila kuandika barua ya maombi. Yaonyeshe ni nchi zipi tumezipa haki ya tano, ni zipi tumezinyima, na ni zipi zimetunyima sisi. Hakuna siri ya ulinzi wa taifa katika idadi ya safari za ndege kwa wiki. Tukiyaona, tutajua ni lini mlango umefungwa na Nairobi, lini umefungwa na Dakar, na lini umefungwa na sisi wenyewe.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar mwishoni mwa 2026, ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika. Mwaka unaofuata, Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Wachezaji watafika, maana timu hukodiwa ndege. Ninaowafikiria ni mashabiki wa Senegali wenye ngoma zao, mafundi cherehani wa Dakar waliodunduliza nauli kwa mwaka mzima, ambao watafungua simu kutafuta tiketi ya kuja Dar es Salaam na kuambiwa wapitie Uturuki. Halafu timu yao ikipangiwa mechi ya pili Nairobi, mwendo wa saa moja na dakika chache, itawabidi wajue kwanza kama siku hiyo sisi na Kenya tunazungumza.